Bisi za karameli zenye chumvi na pilipili: mwongozo kamili kwa jikoni za Nairobi

Lalamiko huwa ni lile lile. Bisi zimetoka zinang'aa, karameli imeenea, nyumba nzima inanukia. Ikifika kesho asubuhi zimelegea, zinanata menoni, na mkebe wote umeshikana donge moja. Wengine hukwama mapema zaidi: sukari inageuka chengachenga ndani ya sufuria, au inaungua mtu akiwa bado anatafuta mwiko.

Mengi ya hayo yana chanzo kimoja: maji. Kuna maji ndani ya punje, ndani ya siagi na ndani ya asali. Kuna mvuke uliofungiwa chini ya kifuniko, na unyevu wa hewa ya Aprili. Karibu kila hatua hapa chini ni ya kuyatoa maji hayo au kuyazuia yasirudi, ndiyo maana nimeambatanisha sababu kila mahali. Ukiijua sababu, unaweza kubadilisha viungo upendavyo bila kuharibu kitu.

Kazi yote ni kama saa mbili, na nusu ya muda huo ni oveni inayofanya kazi. Asiye na oveni asiondoke: kuna njia ya meko, nayo inatoa bisi nzuri.

## Vitu vya kuandaa

Pima na upange kila kitu mezani kabla ya kuwasha moto. Karameli haimngoji mtu anayefungua pakiti. Kikombe ninachotaja ni cha mililita 250.

Kwa bisi:
- mahindi ya bisi, nusu kikombe (gramu 100 hivi)
- mafuta ya kupikia, vijiko 3 vikubwa

Kwa karameli:
- sukari ya kahawia, gramu 200
- siagi, gramu 120 (karibu nusu ya pakiti ya gramu 250)
- asali, robo kikombe
- maji, vijiko 2 vikubwa
- chumvi, kijiko 1 cha chai kisichojaa
- vanila, kijiko 1 cha chai
- beking soda, nusu kijiko cha chai

Kwa upande wa chumvi:
- njugu karanga zilizokaangwa, kikombe 1
- korosho zilizokaangwa, nusu kikombe
- chevda (mchanganyiko wa vitafunio vikavu vya Kihindi), kikombe 1 na nusu
- krispi za mhogo, vikombe 2
- pilipili ya unga, nusu kijiko cha chai, au zaidi ukiiweza

Vyombo: sufuria moja kubwa sana yenye kifuniko, nyingine nzito ya lita 3 kwa ajili ya karameli, mwiko mrefu wa mti, sinia mbili za oveni, karatasi ya kuokea, bakuli la maji baridi, na mkebe unaofunga kabisa.

### Mambo ya kuangalia ukinunua

Mahindi ya bisi ni aina yake: punje ndogo, ngumu, zenye ganda linalong'aa. Mahindi ya githeri hayapasuki hata uyakaange hadi usiku. Kwenye maduka ya nafaka ya Nyamakima utayapata ya kupimiwa. Nunua palipo na wateja wengi, maana punje zilizokaa miezi katika gunia lililo wazi hukauka kupita kiasi. Punje hupasuka kwa sababu ina maji kidogo ndani, asilimia 13 hadi 14 ya uzito wake. Moto ukifika nyuzi 180 hivi, maji hayo yanakuwa mvuke na kulipasua ganda. Yakipungua, mvuke haupati nguvu. Ukiona punje nyingi zinabaki nzima, tia vikombe 3 vya punje kwenye chupa pamoja na kijiko kimoja kikubwa cha maji, funga, tikisa, na uziache siku mbili tatu. Hapa ndipo mahali pekee katika kazi hii ambapo unyevu ni rafiki yako.

Sukari ya kawaida ya madukani kwetu, ile yenye rangi ya hudhurungi, inafaa. Chembe zake ni kubwa, ndiyo maana nimeongeza maji kwenye karameli. Ukipenda ladha nzito, badilisha gramu 50 kwa sukari nguru iliyoparuzwa, lakini punguza moto kwa kuwa huungua upesi.

Siagi iwe siagi. Majarini ya kupaka mkate mara nyingi ina maji mengi kuliko siagi. Hujitenga na sukari na kuacha dimbwi la mafuta juu.

Chevda nzuri utaipata Ngara na Parklands, kwenye maduka ya vitafunio vya Kihindi. Chukua isiyo na zabibu kavu, au zitoe mwenyewe. Zabibu huungua ndani ya oveni, kisha zikikaa na bisi huzipa unyevu wake.

Njugu zichambue moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, na ukionja moja ikawa chungu, iteme. Ukungu wa njugu unaweza kuleta sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo.

Jambo la mwisho la dukani: magadi ya kulainishia githeri si beking soda. Magadi yana nguvu zaidi, na yataipa karameli ladha ya sabuni. Na ile soda ya kutengenezea sabuni isikaribie kabisa jikoni pako.

## Hatua ya 1: Pasua bisi

Tia mafuta na punje tatu kwenye sufuria kubwa, moto wa wastani. Punje zote tatu zikishapasuka, mafuta yameiva. Mimina punje zilizobaki, funika, kisha ondoa sufuria motoni kwa sekunde 30. Pumziko hili linazipa punje zote joto sawa, nazo zitapasuka karibu kwa pamoja badala ya za kwanza kuungua zikingojea za mwisho.

Rudisha motoni. Zikianza kupasuka, sogeza kifuniko kidogo uache upenyo, na tikisa sufuria mara kwa mara. Upenyo huo ni wa lazima. Ukifunika kabisa, mvuke unaotoka kwenye punje unarudi juu ya bisi, na utakuwa umezilegeza kabla hata karameli haijaanza.

Mlio ukipungua hadi sekunde mbili au tatu kati ya punje na punje, zima na umimine mara moja kwenye chombo kipana.

Dalili ya kufaulu: vikombe 12 hivi vya bisi kavu zinazolia ukizibonyeza. Zikikunjika kimya kimya, zitandaze kwenye sinia uzikaushe oveni nyuzi 120 kwa dakika 5.

## Hatua ya 2: Toa punje nzima

Weka bisi kwenye ungo au sinia pana, tikisa, na uzichote kutoka juu kwa mikono. Punje zisizopasuka zitabaki chini. Usiiruke hatua hii hata kama una haraka. Punje ikishavikwa karameli haionekani, nayo inaweza kuvunja jino la mtoto.

Washa oveni nyuzi 120. Changanya bisi na njugu na korosho ndani ya chombo kikubwa kilichopakwa mafuta kidogo, na ukiweza viweke vipate joto ndani ya oveni. Karameli ikikutana na bisi baridi huganda papo hapo na kufanya madonge. Ikikutana na za moto hutiririka na kuzivika vyema.

Chevda na krispi bado. Weka kando.

## Hatua ya 3: Pika karameli

Hapa ndipo wengi wanaangukia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwanza usalama. Karameli ina joto kuliko maji yanayochemka, tena inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Watoto watoke jikoni. Vaa mikono mirefu. Usionje kwa kidole. Weka ndoo ya maji safi karibu, hasa mtaa ambao mabomba hukauka bila taarifa. Mtu akiungua, eneo hilo lipozwe kwa maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Siagi, yai na dawa ya meno vinaongeza madhara. Jeraha kubwa ni la hospitali.

Sasa kazi. Tia siagi, sukari, asali, maji na chumvi kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Koroga polepole hadi usisikie tena chembe za sukari zikikwaruza chini ya mwiko. Usipandishe moto kabla ya hapo. Chembe moja iliyobaki nzima inaweza kuzivuta nyingine zijipange upya, na sufuria yote ikarudi kuwa mchangamchanga. Asali imewekwa kwa sababu hiyo pia: aina zake za sukari huzuia chembe zisishikane. Ukiwa na sharubati ya glukosi, itafanya kazi hiyo hiyo.

Kama sukari imeruka ukutani mwa sufuria, ipanguse kwa brashi yenye maji.

Chembe zikishayeyuka, pandisha moto uwe wa wastani. Mchanganyiko ukianza kutokota pande zote, ondoa mwiko. Usikoroge tena, ukitaka kusawazisha joto, zungusha sufuria taratibu kwa kushika mpini. Mapovu makubwa ya mwanzoni ni maji yanayotoka. Yakiwa madogo, mazito na yanayovimba polepole, maji yamepungua.

### Kwa nini vipimo vya mtandaoni vinakudanganya Nairobi

Maelekezo mengi yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko juu, kama mita 1,700, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Sukari inayotokota hufuata mkondo huo: hufika uzito ule ule ikiwa na nyuzi pungufu. Maelekezo yakikuambia nyuzi 149, hapa kwetu ni kama 143. Ukingojea 149, umepitiliza, na uchungu uko jirani.

Mwenye kipimajoto afanye hivi: akitie kwenye maji yanayochemka na asome namba. Tofauti kati ya namba hiyo na 100 ndiyo ya kutoa kwenye kila kipimo cha sukari unachokisoma kwenye maelekezo. Njia hii inarekebisha pia kosa la kipimajoto chenyewe.

Asiye nacho hajapungukiwa. Bakuli la maji baridi halijali uko Mombasa au Limuru. Chota karameli kidogo kwa ncha ya kijiko, idondoshe majini, subiri kidogo, uishike.

Hapa njia zinagawanyika.

Ukiwa na oveni: tokosha dakika 5 hadi 6. Tone linapaswa kukusanyika kuwa kidonge kigumu kiasi, kinachobonyea vidoleni lakini hakisambaratiki. Maji yaliyobaki yatamaliziwa na oveni.

Bila oveni: endelea kwa moto wa wastani hadi tone likiingia majini ligeuke nyuzi ngumu zinazokatika kwa mlio. Rangi itakuwa ya kaharabu iliyokolea. Simama hapo hapo sufuriani. Kutoka hatua hii hadi kuungua ni muda mfupi sana. Ukinusa uchungu, ondoa mara moja.

Ikishaungua, tupa. Hakuna kiungo kinachofunika ladha ya sukari iliyoungua, na ukiimimina kwenye bisi utakuwa umepoteza vyote.

## Hatua ya 4: Beking soda na vanila

Zima moto kwanza. Tia vanila, itaruka kidogo. Kisha nyunyiza beking soda kwa kuieneza na ukoroge haraka. Karameli itavimba hata kufikia mara mbili na rangi yake itafifia na kuwa kama ya chai ya maziwa. Ndiyo maana sufuria ni ya lita 3.

Kinachotokea ni kwamba joto, pamoja na asidi kidogo iliyo katika asali na sukari ya kahawia, hutoa hewa ya kaboni dioksidi. Vipovu vyake vinabaki ndani ya karameli inapoganda, nayo inakuwa nyepesi, inayovunjika kwa jino. Bila beking soda utapata ganda gumu kama kioo.

Ichunge beking soda kabla ya kuitia ikiwa ina madonge. Donge moja litamkuta mtu mdomoni.

## Hatua ya 5: Vika bisi

Mimina karameli ikiwa bado inavimba, ukizunguka juu ya bisi, wala si pahali pamoja. Geuza kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, kwa upole. Una dakika mbili hivi.

Usihangaike zikionekana hazijaenea sawa. Mwenye oveni atapata nafasi nyingine nne. Asiye na oveni aongeze kasi, na karameli ikianza kuvuta, aweke chombo juu ya moto mdogo kabisa kwa sekunde chache kisha aendelee.

## Hatua ya 6: Kausha

Oveni. Tandaza kwenye sinia mbili zenye karatasi ya kuokea. Oka nyuzi 120 kwa saa moja, ukigeuza kila baada ya dakika 15. Kila unapogeuza, karameli iliyotuama chini inapanda juu, na kila unapofungua mlango, mvuke unatoka.

Hii saa moja ndiyo watu huikata. Zinaonekana tayari dakika ya 20, zinanukia, watoto wameshasimama mlangoni. Zikitolewa hapo, maji bado yamo, na kesho zitanata. Naomba ustahimili.

Oveni nyingi za gesi hazishuki chini ya nyuzi 140 au 150. Kama yako ni hiyo, acha mlango wazi kidogo kwa kuzuia na mwiko, geuza kila dakika 10, na anza kupima dakika ya 35.

Kupima kwenyewe kuna njia moja. Toa bisi mbili, ziweke kwenye sahani dakika mbili zipoe, kisha utafune. Karameli ya moto huwa laini siku zote, kwa hiyo kubonyeza ndani ya oveni hakukuambii lolote. Iliyopoa ikivunjika kwa mlio, toa sinia. Ikishika jino, rudisha dakika 10.

Bila oveni. Karameli yako imekwisha kukauka sufuriani. Tandaza bisi juu ya karatasi haraka, zitenganishe kwa uma mbili, basi. Ganda litakuwa jembamba na gumu kidogo kuliko la oveni. Mimi naipenda njia hii kwa bisi zitakazoliwa siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 7: Upande wa chumvi

Sinia zikiwa bado moto, changanya chevda pamoja na bisi. Chembe ndogo za chevda, yaani dengu na sev (tambi nyembamba za unga wa dengu), zitashika kwenye karameli laini. Ukingojea zipoe, zote zitaishia chini ya mkebe. Krispi za mhogo zisubiri hadi kila kitu kipoe, vinginevyo joto litazilegeza na mwiko utazivunjavunja.

Pilipili nyunyiza sasa, kwenye joto. Changanya na chumvi laini kidogo, robo kijiko cha chai, ila onja kwanza: chevda na krispi zimeshakuja na chumvi yake.

Tunayoitafuta ni ile ladha ya mahindi choma yaliyopakwa ndimu, chumvi na pilipili. Tamu ya bisi ikipata ukali na uchachu, mkono haurudi nyuma. Lakini usikamue ndimu juu yake. Tone la maji litayeyusha karameli mahali linapoangukia. Tafuta unga wa embe mbichi zilizokaushwa, uitwao amchur, kwenye maduka yale yale ya Ngara, na unyunyize nusu kijiko cha chai. Unachachua ukiwa mkavu kabisa.

## Hatua ya 8: Poza na uhifadhi

Acha zipoe kabisa, dakika 30 au zaidi, kisha funga mara moja. Makosa ni mawili, na yanavutana. Ukifunga zikiwa na uvuguvugu, mvuke utaganda kwenye kifuniko na kudondoka. Ukiziacha wazi usiku kucha, sukari itavuta unyevu wa hewa, hasa miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Siku ya mvua, zipozee ndani ya oveni iliyozimwa, mlango wazi kidogo.

Mkebe wa bati au chupa pana ya kioo ni bora kuliko mfuko mwembamba wa plastiki. Friji haifai, kwa kuwa ukizitoa unyevu hutua juu yake. Zikifungwa vizuri hubaki kavu wiki moja hadi mbili. Krispi ndizo huchoka mapema. Ukipanga kuziweka siku nyingi, zihifadhi mkebe wa peke yake na uchanganye siku ya kula.

## Mambo yakienda mrama

Karameli imekuwa mchangamchanga sufuriani. Ongeza vijiko 3 vikubwa vya maji na kimoja cha asali, rudisha moto mdogo, yeyusha kabisa, anza upya kutokosha. Inaokoka kama haijatiwa beking soda.

Mafuta yamejitenga juu. Moto ulipanda ghafla, au siagi si siagi. Punguza moto, ongeza kijiko kimoja kikubwa cha maji ya moto ukisimama mbali kidogo, na koroga kwa nguvu hadi vishikane.

Madonge makubwa. Yavunje kwa mkono yakiwa yamepoa kabisa.

Zimelegea baada ya siku kadhaa. Toa krispi, tandaza bisi kwenye sinia, oveni nyuzi 120 kwa dakika 10 hadi 15, poza, pima kwa kutafuna. Kwa meko, weka sufuria nzito kavu kwenye moto mdogo kabisa, tia bisi chache chache, geuza bila kupumzika dakika 5, na usifunike.